Kuchagua kontroli boksi la kutuni injini ukiwa Mtwara au Lindi

Kabla hujatuma hela ya kontroli boksi (ECU, kompyuta inayoendesha petroli na moto wa injini), mtafute kwanza fundi atakayeliandikia ramani, yaani majedwali ya petroli na moto, umuulize anafanya kazi kwa programu ipi kila siku. Jibu lake lina uzito kuliko jina lililobandikwa juu ya boksi. Kwa aliye Mtwara, Masasi au Lindi, mara nyingi fundi huyo atakuwa Dar es Salaam au nje ya nchi kabisa, akiingia kwenye laptopu yako kwa intaneti. Fundi asiyelijua boksi lako atajifunzia kwenye injini yako, na pistoni ndizo zitakazolipa karo.

Swali la pili ni kama unalihitaji kweli. Injini iliyobadilishwa chujio la hewa na ekzozi tu iachwe na boksi lake la kiwandani. Subaru nyingi za tabo (turbo) za miaka ya 2000 zinaweza kuandikwa ramani mpya kwenye boksi hilohilo, na hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo. Toyota za miaka ya 1990, kama Mark II yenye 1JZ-GTE au Corolla yenye 4A-GE, hazina njia nyepesi ya namna hiyo. Ukibadili tabo, nozeli (za kumwaga petroli) au kamshafti kwenye gari hizo, boksi la kujitegemea, linalochukua nafasi ya la kiwandani, linakuwa lazima. Viboksi vidogo vya kudanganya sensa tunavikataa kwa sababu moja kubwa: vikipunguza ishara ya hewa ili nozeli kubwa zisimwage petroli nyingi, boksi la kiwandani linaamini injini haina mzigo, linasogeza taiming (wakati wa kutoa cheche) mbele, na injini inaanza kugonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda) wakati tabo ikisukuma kwa nguvu zote.

Tazama pia gia boksi. Mark II nyingi zilizoko barabarani kwetu ni za otomatiki, na boksi la kiwandani ndilo linaloendesha gia hizo. Ukiling'oa, gari halibadili gia ipasavyo. Ama uache la kiwandani libaki kwa kazi ya gia tu huku jipya likiendesha petroli na moto, na lile la zamani liendelee kupata ishara ya throto (mlango wa hewa wa injini) na mzunguko wa injini. Ama ununue kontrola ya gia ya pembeni. Ama ufunge gia ya kawaida. Amua hili kabla ya kununua chochote, maana linabadili idadi ya waya na bei nzima ya kazi.

Sasa chukua karatasi uhesabu. Chukulia 1JZ-GTE ya VVT-i (mfumo wa kubadili wakati wa valvu) yenye throto ya umeme na koili sita. Kwa upande wa kutoka: nozeli 6, koili 6, VVT-i 1, valvu ya presha ya tabo 1, relei ya pampu 1, relei za feni 2, mshale wa mzunguko (geji ya RPM) 1, mota ya throto 2. Jumla ni 20. Kwa upande wa kuingia: krenki, kamshafti, joto la maji, joto la hewa, pedali njia 2, throto njia 2, presha ya oili, presha ya petroli, noki sensa (za kusikia kugonga) 2, lambda (sensa ya mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye ekzozi), presha ya manifoldi, swichi ya breki na ombi la AC. Boksi lisilofikisha hesabu hiyo liondoe kwenye orodha hata kama bei inavutia. Acha na nafasi mbili tatu za akiba, kwani ukishakaza waya utakumbuka tu kitu kingine.

Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, majina yanajipanga yenyewe. Speeduino, iliyojengwa juu ya Arduino Mega, ni ya gharama ndogo na ina watu wengi wa kukusaidia, lakini bodi zake za kawaida zina njia nne za nozeli na nne za koili, na haiendeshi throto ya umeme. Inaifaa 4A-GE ya throto ya waya kwa fundi anayependa kushika soda (risasi ya kulehemu waya) mwenyewe. MegaSquirt MS3 ikiwa na kadi yake ya nyongeza inafika nozeli nane na koili nane, ila throto ya umeme inahitaji kifaa cha pembeni. ECUMaster EMU Black ya Poland ina nozeli sita, koili sita, throto ya umeme na lambda ya ndani, na ndiyo tungeiweka mbele kwa 1JZ hiyo. Haltech Elite 1500 ina njia nne na nne, kwa hiyo kwa silinda sita tazama Elite 2500 yenye nane na nane. Link ya New Zealand ina maboksi yanayochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya kiwandani kwa baadhi ya Subaru na Toyota. Kwa mji ambao mafundi wazuri wa kusuka waya ni wachache, boksi la kuchomeka linastahili bei yake.

Ishara ya krenki, inayoliambia boksi injini iko kwenye nafasi gani, ndiyo inayoangusha wengi. 1JZ na 2JZ za VVT-i zina gurudumu la nafasi za meno 36 ambalo meno 2 yametolewa. Zile za kabla ya VVT-i zina meno 12 kwenye krenki na sensa mbili kwenye kamshafti. Subaru EJ20 za zamani zina meno machache yasiyolingana nafasi, za baadaye zina 36 yaliyopungua mawili sehemu tatu. Hakikisha programu ya boksi inataja mpangilio wa injini yako kwa jina. Maneno "inakubali injini zote" kwenye tangazo si ushahidi.

Kwa koili, jua kama zina igniter (kifaa cha kuwasha na kukata umeme wa koili) ndani au hazina. Koili tupu ikiungwa kwenye boksi linalotoa ishara ya volti 5 tu haitatoa cheche. Na koili yenye igniter ndani ukiiwekea mwelekeo wa ishara kinyume itakaa imechajiwa muda wote hadi iungue, wakati mwingine ndani ya dakika moja tangu ufungue swichi. Kwa hiyo chomeka koili mwisho kabisa, baada ya kuthibitisha mpangilio.

Nozeli zipigie hesabu. Injini ya tabo inahitaji takribani cc 6.3 za petroli kwa dakika kwa kila nguvu ya farasi moja. Ukitaka farasi 300: 300 mara 6.3 ni 1,890. Gawa kwa silinda 6 upate 315. Gawa kwa 0.85 ili nozeli isifunguke zaidi ya asilimia 85 ya muda. Unapata kama cc 370. Nunua za 440 upate akiba. Pima ukinzani kwa mita: omu 12 hadi 16 zinaungwa moja kwa moja. Za omu 2 hadi 3 zinavuta ampea 5 au 6 kila moja, na boksi lisilotengenezwa kwa ajili hiyo litaungua. Weka rezista ya omu 4.7, wati 50, kwa kila nozeli. Nozeli zinazouzwa bila takwimu za muda wa kuchelewa kufunguka kwa kila volti ziache dukani, kwa sababu injini haitatulia sailensi (ikizunguka polepole bila kukanyagwa) hata ramani iandikwe na nani.

Presha ya manifoldi inahesabiwa kwa jumla, yaani pamoja na presha ya hewa ya kawaida, si kwa geji. Tabo ya bar 1.2 hapa pwani ni kPa 220, hivyo sensa ya kPa 250 inatosha kwa shida na ya kPa 300 au 400 ndiyo sahihi. Kwa 4A-GE yenye throto nne inayosoma pembe ya throto badala ya presha, sensa ya presha ya hewa ya nje ni lazima: kila mita 100 unazopanda, presha ya hewa hupungua kama kPa 1 na ushei. Ramani iliyotuniwa Shangani, Mtwara mjini, itamwaga petroli nyingi ukipanda Uwanda wa Makonde kwenda Newala.

Joto la huku linataka umakini zaidi. Sensa ya joto la hewa ikifungwa kwenye alumini ya manifoldi, husoma joto la chuma badala ya la hewa. Gari lisimame juani sokoni dakika kumi, kisha uondoke: sensa inasema nyuzi 60, hewa halisi ni 40. Boksi linadhani hewa ni nyepesi, linapunguza petroli kwa karibu asilimia 6, na lambda uliyoiweka 0.80 inakuwa 0.85, yaani petroli imepungua, ukiwa umekanyaga mafuta. Funga sensa ya ncha wazi kwenye bomba baada ya intakula (kipoza hewa ya tabo), mbali na injini. Boksi lenyewe liwe na jedwali la kurudisha taiming nyuma hewa inapopata joto, na liwe na noki sensa ya kweli. Kwa silinda ya milimita 86, sauti ya kugonga iko karibu na kilohezi 6.7, kwa EJ20 ya milimita 92 ni karibu na 6.2. Boksi lisiloruhusu kuchagua masafa hayo litasikia kelele za tapeti na kuziita kugonga.

Chumvi ya bahari ni adui wa soketi. Boksi lisilo na ganda la kuzuia maji likae ndani, juu ya miguu ya abiria, kamwe si chini ya kapeti. Waya ziingie kutoka chini ili matone yasifuate njia hiyo. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati kama wa mashua, soketi zenye mpira, na mirija inayonywea kwa joto yenye gundi ndani. Bana pini kwa koleo lake. Soda kwenye waya unaotikisika hukatika ukingoni. Ethi za sensa zote zirudi kwenye pini ya ethi ya sensa ya boksi, si kwenye bodi. Waya wa krenki uwe na kinga ya kelele, na kinga hiyo ipewe ethi upande mmoja tu.

Ukinunua la mkononi, muuzaji aliunganishe kwenye laptopu mbele yako. Soma namba yake, toleo la programu, na uone kama linafunguka bila nenosiri. Lililofungwa na fundi wa zamani huenda lisifunguke tena.

Siku ya kuwasha, ng'oa soketi za nozeli kwanza. Piga stata na utazame mzunguko: uwe tulivu, kati ya 150 na 300, bila hesabu ya makosa ya ishara. Kisha funga taiming kwenye nyuzi 10 ndani ya programu, urudishe soketi za nozeli, uwashe injini na umulike alama ya puli kwa taa ya taiming. Alama ikikaa sawa sailensi lakini ikatembea kadiri mzunguko unavyopanda, mara nyingi nyaya mbili za sensa ya krenki zimegeuzwa. Zibadilishe kabla ya kugusa namba za petroli, kwa sababu kila namba utakayoiandika juu ya taiming inayotembea itakuwa ya uongo.

Kwa kutuni kwa intaneti, funga lambda ya Bosch LSU 4.9 sentimita 60 hadi 90 baada ya tabo, ikiinama juu ili maji yasiijae, na isikae kwenye ekzozi bila umeme injini ikiwaka. Mtumie fundi rekodi zenye mzunguko, presha, lambda, joto la hewa, noki, ufunguzi wa nozeli na volti ya betri. Kabla ya kukanyaga mafuta hata mara moja, kinga tatu ziwe zimewashwa: kukata nguvu ya injini presha ya tabo ikizidi, kuikata lambda ikipanda injini ikiwa na mzigo, na kuizima injini presha ya oili ikishuka. Kazi ikiisha, chukua faili la ramani pamoja na nenosiri lake, uhifadhi nakala mbili sehemu tofauti, kwa sababu fundi wa kesho anaweza asiwe yuleyule.