Shambulio la sumu: hatua za mhudumu wa dharura kabla ya kumgusa majeruhi

Egesha upande upepo unakotoka, mahali palipoinuka. Klorini na sumu nyingi za kivita hutoa mvuke mzito kuliko hewa, unaotuama mabondeni na vyumba vya chini ya ardhi. Angalia ukiwa garini kwanza. Mtu mmoja akizimia, huenda ni ugonjwa. Watu kadhaa wakianguka kwa pamoja bila jeraha, chukulia ni sumu. Rudi nyuma, kisha toa taarifa: idadi, dalili, mwelekeo wa upepo, njia salama. Kagua na hapo uliposimama, kwani bomu la pili mara nyingi huwalenga waokoaji.

Usiingie. Barakoa ya hospitali na glavu za kawaida hazizuii mvuke. Eneo lenye sumu ni la wenye mavazi kamili na mafunzo yake. Waite kwa kipaza sauti wanaoweza kutembea wakufuate.

Kosa kubwa ni kumpakia mgonjwa na nguo zake. Baada ya shambulio la sarini, sumu ya neva, kwenye treni za Tokyo, Machi 20, 1995, wahudumu 135 kati ya 1,364 walipata dalili, hasa kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa. Mvue hadi nguo za ndani. Kata nguo kwa mbele, usizipitishe kichwani, zifunge katika mifuko miwili. Hatua hiyo pekee huondoa sehemu kubwa ya sumu. Kisha mwoshe kwa maji mengi ya uvuguvugu kuanzia kichwani, bila kusugua kwa nguvu. Gesi ya haradali huchelewa kujionyesha, dalili zake, kama malengelenge, hutokea baada ya saa 2 hadi 24, kwa hiyo anayesema hana neno naye avuliwe.

Mboni ndogo mno, mate, kamasi, kutapika, misuli kuchezacheza na degedege ni dalili za sumu ya neva. Kwa mtu mzima, kwa mujibu wa itifaki yenu, mpe dawa za kupinga sumu hiyo: atropini miligramu 2 kwenye msuli pamoja na pralidoksimu miligramu 600, rudia atropini kila dakika 5 hadi 10 mpaka majimaji ya kifuani yakauke na apumue kwa urahisi. Usisubiri mboni zipanuke, hukaa ndogo muda mrefu hata mgonjwa akipata nafuu. Degedege hutulizwa kwa diazepamu.

Vumbi la mionzi lina utaratibu tofauti: okoa uhai kwanza, osha baadaye.

Safirini madirisha wazi, na hospitali ijulishwe mapema iwapokee nje ya jengo.