Ng'ombe mmoja, mbuzi na kuku kihambani: panga siku kabla ya kununua dawa

Simu nyingi ninazopokea kutoka vihamba vya Machame, Kibosho na Marangu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba huku Kilimanjaro, huanza hivi. Mimi nasalimia, "Shikamoo mama." Naye anajibu, "Marahaba baba. Daktari, huyu ng'ombe maziwa yamekata, nimpe sindano gani?" Namuuliza jana alikunywa ndoo ngapi. Anakaa kimya kidogo, kisha anasema: "Hapo mpaka nimuulize binti, mimi jana nilikuwa soko la Mwika."

Tatizo mara nyingi liko hapo hapo, si kwenye sindano. Kwenye kaya yenye ng'ombe mmoja, mbuzi wawili watatu na kuku wa kienyeji, kila mtu anahudumia mifugo na hakuna anayeulizwa. Mama analeta majani, binti anachota maji, watoto wanafungulia kuku, baba anajua bei ya mtamba mnadani. Chagueni mtu mmoja wa asubuhi na mmoja wa jioni, kila mmoja ajue akiulizwa atajibu nini. Haigharimu shilingi.

Asubuhi, kabla ya ndoo

Ukifika bandani saa kumi na mbili usianze na fagio. Simama mlangoni uangalie. Ng'ombe mwenye afya utamkuta amelala anacheua, au anainuka na kujinyoosha mgongo. Pua ina unyevu, masikio yanacheza. Tazama kihori. Kama kimelambwa hadi ubao ukang'aa, amelala njaa. Kama kimebaki kimejaa majani mazuri, kuna jambo. Kisha tazama kinyesi: kinatakiwa kianguke kama uji mzito. Kikiwa kigumu na kikavu, fikiria maji kwanza. Kikitiririka, jiulize jana alipewa pumba kiasi gani, halafu ndipo ufikirie minyoo.

Nunua themometa kwenye duka la pembejeo. Joto la kawaida la ng'ombe ni kati ya nyuzi 38 na 39.3. Likivuka 39.5 asubuhi kungali na baridi, usisubiri mchana, piga simu. Huku kwetu ninachokihofia kwanza ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Papasa chini ya sikio na mbele ya bega: tezi zilizovimba pamoja na homa ndiyo dalili ya mapema, na dawa za ugonjwa huo husaidia zikiwahi. Ukisubiri mpaka anakohoa na povu linatoka puani, umechelewa sana.

Wafugaji huniambia, "Ng'ombe wangu hatoki bandani, kupe watatoka wapi?" Wanakuja na majani. Majani yaliyokatwa kwenye malisho ya tambarare, kule ng'ombe wa wengine wanakochungwa, yanapanda mlimani na kupe wake, na yule kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio ndiye anayeeneza ndigana kali. Kwa hiyo kagua masikio kila siku wakati wa kukamua, ogesha au paka dawa ya kupe kwa ratiba hata kama ng'ombe hatoki, na umuulize mtaalamu wako juu ya chanjo ya ndigana kali kabla hujanunua mtamba mwingine.

Kukamua

Hapa nina ubishi na watu wengi, maana kila nyumba inaamini inajua kukamua. Osha mikono, osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kitambaa safi cha ng'ombe huyo peke yake. Michirizi miwili ya kwanza ya kila chuchu isiingie kwenye ndoo. Ikamulie kwenye kikombe ulichofunika kitambaa cheusi, uangalie: ukiona mabonge, majimaji au damu, robo hiyo ya kiwele, yaani upande wa chuchu hiyo, ina ugonjwa wa kiwele na maziwa yake hayachanganywi na mengine. Usimwage sakafuni, utaugawa ugonjwa bandani.

Kamua kwa kiganja kizima, kwa kubana kuanzia juu kushuka chini. Kuvuta chuchu kwa vidole viwili huku umezipaka mafuta mengi kunaziumiza, na chuchu iliyoumia hukaribisha wadudu. Ukishaosha kiwele na maziwa yakashuka, una dakika chache tu, tano mpaka saba, kabla hayajaanza kubanwa tena. Kwa hiyo simu, wageni na stori za jirani vingoje. Muda uwe ule ule, mkamuaji yule yule ikiwezekana, na kati ya mkamuo wa asubuhi na wa jioni pawe na karibu saa 12.

Ukimaliza, chovya chuchu kwenye dawa, halafu mpe majani mazuri palepale. Sababu ni ya msingi: tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda wa kama nusu saa baada ya kukamua, na ng'ombe anayelala mara moja kwenye samadi anaingiza uchafu moja kwa moja kwenye kiwele. Akiwa anakula, atasimama.

Maziwa yaende kwenye chombo cha alumini au cha chuma kisichoshika kutu. Yale madumu ya mafuta ya kula yenye mdomo mwembamba hayasafishiki, hata uyasukutue na mchanga. Na ng'ombe aliyechomwa antibiotiki, maziwa yake hayaendi kituo cha kukusanyia maziwa wala kwa mtoto mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Usimpe jirani eti kwa sababu hakulipi.

Maji na majani

Hapa ndipo maziwa yanapopotea. Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji, na kwa kila lita ya maziwa ng'ombe anahitaji lita tatu hadi nne za maji, mbali na yale ya mwili wake. Ng'ombe wa lita 10 kwa siku anataka lita 60 mpaka 70, yaani madumu matatu ya lita 20 na zaidi. Wengi hupewa ndoo moja asubuhi na moja jioni. Halafu tunanunua pumba za ziada, eti aongeze.

Kata pipa katikati, nusu moja ilaze ndani ya banda mahali ambapo hawezi kulipiga teke wala kulichafua, lijazwe kabla mtu hajatoka kwenda shambani. Mwenye mfongo, yaani mfereji wa maji ya mlimani, unaopita karibu ana bahati, lakini achote maji asubuhi kabla watu wa juu hawajaanza kufulia. Kisafishe chombo kila siku. Ng'ombe hukataa maji yenye utelezi hata akiwa na kiu, na wewe ukidhani ameshiba.

Sasa mgomba. Kihambani mgomba ni rafiki wa kila banda, hasa Januari na Septemba majani yakiadimika. Lakini shina la mgomba ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi. Katika kilo 20 za mgomba uliokatakata, chakula chenyewe kinachobaki ukitoa maji ni kama kilo moja na kidogo. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Unaona kwamba anaweza kujaa tumbo likavimba kama la mwenye mimba na bado akawa anakonda. Mpe mgomba kama nyongeza ya maji wakati wa ukame, uchanganye na mabua na majani ya mikunde, usiwe mlo.

Matete yaliyofikia umri mzuri, kimo cha mita moja hivi, yana karibu sehemu moja ya tano ya chakula kikavu. Piga hesabu: ni kilo 60 mabichi kila siku, mizigo miwili ya kichwani iliyojaa vizuri. Mizigo hiyo hubebwa na akina mama na mabinti, kutoka mbali, na ndiyo maana sipendi ushauri wa "ongeza ng'ombe wa pili" unaotolewa na watu wasiobeba. Kwanza panda. Kingo za matuta na za mifereji zinakubali matete na majani ya gwatemala. Chini yake panda desmodiamu, mkunde unaotambaa, ambayo pia hushika udongo. Kwenye mpaka, katikati ya masale (mimea ya mpaka), panda miti ya malisho kama kaliandra au lusina. Kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zinakaribia kilo moja ya chakula cha dukani kwa protini. Ukikata matete acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, usikwangue mpaka kwenye mizizi, na rudisha samadi palepale ulipokata.

Mabua ya mahindi kutoka shamba la tambarare yakusanye mapema baada ya mavuno, Julai na Agosti, kabla jua na mchwa havijayamaliza. Yahifadhi chini ya paa, yakatekate vipande vya sentimita mbili hadi tano, nyunyizia molasi iliyochanganywa na maji. Moshi tuna bahati, kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo Arusha Chini na molasi si ya kutafuta mbali. Mabua au pumba zenye ukungu usimpe, hata kidogo. Sumukuvu iliyomo kwenye chakula cha ng'ombe hutokea kwenye maziwa, na anayeyanywa ni mwanao.

Chakula cha ziada nyumbani kinatengenezeka: pumba za mahindi kilo 70, mashudu ya alizeti kilo 27, madini kilo 2, chumvi kilo 1. Mgawie wakati wa kukamua, asubuhi na jioni, usimmwagie chote mara moja.

Desemba niisemee peke yake. Watu wanarudi mlimani kutoka Dar, Arusha na kwingineko, nyumba inajaa, kuna ubatizo, harusi na supu, na ratiba ya banda inakufa. Ng'ombe anakamuliwa saa nne, maji anapewa na kijana anayetaka kupiga picha, makombo ya sherehe yanaingia kihorini. Januari napigiwa simu za maziwa kukata na matumbo kujaa gesi. Wageni waje, ila yule mtu wa asubuhi asibadilishwe.

Joto na ndama

Ng'ombe aliye peke yake hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo joto lake, yaani kutaka dume, hupita kimya. Tafuta ute mwangavu unaovutika chini ya mkia, kulia bila sababu, kutotulia, maziwa kupungua siku moja tu. Hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Ukiliona asubuhi, mtaalamu wa uhimilishaji, yule anayepandisha kwa mrija, amhimilishe jioni. Ukiliona jioni, kesho asubuhi. Andika tarehe kwenye daftari linaloning'inia bandani, na namba ya dume. Akikaribia kuzaa, mpumzishe kukamuliwa siku 60.

Ndama anyonye dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ndani ya saa chache za kwanza, mapema iwezekanavyo, kwa maana kinga yote anayoanza nayo imo humo na utumbo wake hauendelei kuipokea baada ya siku ya kwanza. Kitovu kichovye kwenye iodini. Mkianza kugombea maziwa, ndama na kituo, kwa wiki za mwanzo ndama ashinde.

Mbuzi

Mbuzi wa maziwa anaudhi watu kwa sababu wanamfuga kama ng'ombe mdogo. Hataki unyevu. Mjengee banda la kuinuka lenye sakafu ya mbao zilizoachana sentimita moja na nusu hivi, ili kinyesi kidondoke chini na kwato zisizame. Majani yaning'inize, asiyakanyage. Akiyakanyaga hayali tena. Kwato zipunguzwe kila zinapojikunja. Basi, huyo hana makuu.

Kuku

Kuku ni benki ya mama, na mdondo (kideri) ndio unaoimaliza. Ukiingia kijijini unaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache, na hauna tiba. Kitunguu saumu, mshubiri na pilipili vina heshima yake, lakini havizuii mdondo. Kinachozuia ni chanjo ya I-2, ambayo hapa nchini hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo sawa sawa, unamshikilia mpaka apepese ili tone lizame. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hii inavumilia joto kuliko nyingine, lakini isikae juani wala mfukoni mwa suruali. Ifunge kwenye kitambaa chenye maji ukiwa njiani. Kuku ambaye tayari anaumwa usimhesabu, chanjo si dawa.

Vifaranga wengi huliwa na mwewe na vicheche au hufa kwa baridi wiki tatu nne za mwanzo. Wafunike na tenga kubwa, mama yao nje au ndani, wapewe maji na chakula chao humo. Wakifikisha wiki nne waachishe, wabaki kwenye banda lenye joto. Tetea atarudi kutaga mapema kuliko akiendelea kutembea nao miezi miwili.

Kichupa kimoja cha chanjo kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakikai sana. Kwa hiyo elewaneni nyumba tano au sita za jirani, changeni, mchague siku. Jioni ya kuamkia siku hiyo kila nyumba ifunge kuku wake ndani, na kesho alfajiri, kabla mlango haujafunguliwa, mchanjaji apite nyumba hadi nyumba. Kuku aliyelala juu ya mparachichi hachanjwi, naye ndiye atakayeuleta ugonjwa kwa wengine.