Kuogelea Ukiwa na Mfuko wa Stoma: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Karibu kila mwenye stoma, yaani tundu lililofunguliwa tumboni kwa upasuaji ili kinyesi au mkojo utokee hapo na kuingia mfukoni, huanza kwa kuuliza kama maji yataingia tumboni. Hayaingii. Utumbo husukuma kutoka ndani kwenda nje muda wote, kwa hiyo maji ya kuogelea hayana njia ya kupanda humo. Chumvi ya bahari na klorini ya bwawa havidhuru ile nyama nyekundu ya stoma, na yenyewe haina neva za kuhisi maumivu. Hofu ya maji basi iwekwe kando. Kinachostahili kuhofiwa ni gundi inayoubandika mfuko kwenye ngozi, na maandalizi karibu yote yanazunguka swali moja tu: itashika mpaka utoke majini?

Kabla ya gundi kuna ruhusa ya daktari. Uwe ulitolewa utumbo nje kwa sababu ya saratani, utumbo kujisokota, au homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, kidonda cha upasuaji sharti kiwe kimefunga kabisa. Wengi huambiwa wasubiri angalau wiki 6. Aliyeondolewa pia njia ya haja kubwa ana kidonda kingine huko chini ambacho hukawia zaidi kupona, na akikiingiza majini kikiwa wazi anajitafutia maambukizi. Kuna na suala la ngiri: misuli ya tumbo inayozunguka stoma imeshapoteza nguvu, kwa hiyo siku za mwanzo elea chali, piga miguu taratibu, na usishindane na mtu.

Ukiruhusiwa, jaribu nyumbani kwanza. Nyumba nyingi kwetu hazina bafu la kulala ndani, lakini beseni kubwa la kufulia linatosha kukaa nusu saa maji yakiwa yamefunika mfuko. Ukikosa hilo, lowesha taulo chepechepe, lifunge kiunoni, na uendelee na kazi zako za nyumbani. Ukimaliza, chuchumaa, inama, nyanyua mikono, kisha kagua kingo za mfuko. Zikiwa zimeanza kuwa nyeupe na kuvimba kidogo, hilo ni la kawaida. Gundi za aina hii hunywa maji. Zikiwa zimejikunja na kuachana na ngozi, umepata jibu ukiwa kwako, mlango umefungwa, na hakuna aliyekuona. Sijui dawa nyingine ya woga inayolipita jaribio hili. Kutiwa moyo na watu ni kuzuri, ila hakushikilii mfuko.

Sasa gundi yenyewe. Kosa linalotokea sana ni kubandika mfuko mpya dakika chache kabla ya kuingia majini, mtu akidhani upya ndio uimara. Gundi inahitaji muda na joto la mwili ili ishike. Badilisha jioni ya siku inayotangulia, au angalau saa chache kabla ya safari, na ukishabandika weka kiganja juu yake dakika kadhaa ili kiipashe joto. Ngozi ioshwe kwa maji matupu na kukaushwa vizuri, nywele zinyolewe. Mafuta ya nazi, losheni na ya kuzuia jua yasifike eneo hilo hata kidogo. Paka mabega na uso upendavyo, tumbo liache. Ukaaji wa pwani una adui mwingine, jasho, ambalo linaanza kuilegeza gundi hata kabla hujayaona maji. Mwenye wasiwasi huongeza plasta isiyopitisha maji kuzunguka kingo, au vile vibandiko vya umbo la mwezi mchanga vinavyouzwa na watengenezaji wa mifuko. Mshipi wa stoma nao unasaidia, hasa kwa mtu ambaye tumbo lake lina mikunjo.

Mifuko mingi ina kitundu chenye chujio la mkaa kwa ajili ya kutoa hewa bila harufu. Chujio likilowa huacha kufanya kazi. Ndani ya boksi la mifuko huwa kuna vistika vidogo ambavyo watu huvitupa bila kujua kazi yake: kimoja hubandikwa juu ya kitundu kabla ya kuogelea na kubanduliwa baadaye. Kwa kuwa hewa haitatoka wakati huo, maharage, kabichi na soda visubiri hadi jioni.

Chakula ndicho kinachopanga saa ya kuogelea. Kwa wenye ileostomi (stoma ya utumbo mwembamba), utumbo hutulia zaidi alfajiri kabla ya kula, na huchangamka baada ya mlo. Anayeingia majini saa 1 asubuhi, tumbo likiwa tupu na jua halijakali, amejipa nafasi nzuri kuliko anayeingia baada ya pilau la mchana. Mfuko umwagwe kabla tu ya kuingia. Kisha ufukweni kuna vishawishi: mahindi ya kuchoma, karanga, nyama ya nazi. Mwenye ileostomi avitazame kwa mbali, maana ni katika vyakula vinavyoweza kuziba utumbo, au kama hawezi kujizuia atafune mpaka vilainike kabisa. Na madafu? Kunywa, lakini usiyategemee peke yake. Ileostomi inakunyang'anya chumvi nyingi, na dafu lina potasiamu kwa wingi huku sodiamu yake ikiwa kidogo. Beba ORS (chumvichumvi za kuchanganya na maji ya kunywa), au tengeneza nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mwenye urostomi (stoma ya mkojo) kwake ni maji ya kunywa tu kwa wingi, na kuhakikisha koki ya mfuko imefungwa.

Mavazi yasikuumize kichwa. Rangi nyeusi au maua maua huficha umbo la mfuko; rangi nyeupe ikilowa husema kila kitu. Wanaume, bukta yenye kiuno cha juu na singlendi inayobana vinatosha. Wanawake wa pwani wana nafuu ambayo wengine hawana: kuingia baharini na dera au taiti na blauzi ndefu ni jambo la kawaida, hakuna atakayegeuka kukutazama. Mabwawa ya hoteli ndiyo yenye masharti ya nguo, kwa hiyo piga simu uulize kabla hujatoka.

Kuhusu mahali, bahari yetu inataka kusomwa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na huko Paje au Jambiani, Zanzibar, yakitoka hutoka mbali mno. Unaweza kujikuta na mfuko uliojaa huku choo kikiwa upande wa pili wa matope na mwani. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, ni tulivu zaidi kwa anayeanza. Uliza kwanza choo kiko wapi, kina maji na mlango unaofungwa. Ukienda kwa mashua, mathalani Kisite huko Kenya au kwenye fungu la mchanga, fikiria utakavyopanda kutoka majini. Wengi hujivuta kwa tumbo juu ya ubavu wa chombo, na kwako hilo halifai hata mara moja. Omba ngazi, au shuka na kupanda palipo na kina cha magoti. Kwa vile stoma haihisi maumivu, inaweza kukwaruzwa na mbao au matumbawe usijue, basi ikague ukitoka. Maziwa kama Victoria yana kichocho, ambacho hupenya ngozi ya yeyote, mwenye stoma na asiye nayo.

Kifurushi cha dharura kiwe na mfuko mmoja au miwili iliyokwisha kukatwa tundu kwa kipimo chako, vitambaa laini, chupa ya maji, sabuni, kioo kidogo, chupi ya akiba, na mifuko ya karatasi ya kufungia ulichobandua, kwani ule wa plastiki wa kubebea vitu ulipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania 2019. Usikiache ndani ya gari juani. Joto huiyeyusha gundi.

Mtu mmoja kati ya mnaokwenda ajue. Akiwa shangazi, kaka au rafiki, mwambie mapema kwamba ukimpa ishara atakuletea taulo bila maswali. Kwa mtoto mwenye kolostomi (stoma ya utumbo mpana), mzazi amweleze mwalimu wa kuogelea faraghani. Anayekukodolea macho anatosheka na "nilipasuliwa tumbo", na anayeendelea kudodosa hana haki ya zaidi.

Limebaki lililo zito. Wengi wetu mifuko ya kiwandani hatuimudu kila siku, na tunajisitiri kwa vitambaa na nailoni zilizofungwa kiunoni. Kwa hali hiyo usiingie bwawani. Haitashika, na maji yale ni ya watu wote. Ila ukipata mifuko michache, mmoja uutumie kwa jaribio la beseni na mwingine uuwekee siku ya bahari. Ukitoka, jisuuze kwa maji baridi, kausha kingo, bandua kile kistika cha chujio. Kingo zikiwa zimelala kwenye ngozi, mfuko huo huo unaweza kukufikisha hata kesho.