Vitenzi vya Kiingereza vya vipande viwili: mwongozo kwa wana Mwanza walioko ughaibuni

Bosi akisema "we'll put it off", kikao kimeahirishwa. Akisema "we'll call it off", kimefutwa kabisa. Ukitafsiri kipande kwa kipande, weka, ita, mbali, hupati maana hata moja. Ichukue "put off" kama neno zima, kama mtoto wa Kirumba anavyojua bila kufundishwa kwamba pita, pitia na pitisha ni maneno matatu.

Kinachowaangusha wengi ni mahali pa kuweka kitu kinachotendwa. Ukikitaja kwa jina, una hiari: "turn off the stove" au "turn the stove off". Ukitumia "it" au "them", hiari imekwisha. Lazima iingie katikati: "turn it off". Kusema "turn off it" ni kosa. Na jambo hili Mswahili analo tayari: katika "nimelizima", ile "li" imekaa tumboni mwa kitenzi. Iweke "it" hapo hapo, kisha kaza sauti kwenye "off".

Lakini si vyote vinavyokubali kupasuliwa. "Look after", kutunza, na "look for", kutafuta, havipasuki: "I look after her". Kamusi ya wanafunzi hukuonyesha. Ikiandika "put something off", katikati pako wazi. Ikiandika "look after somebody", pamefungwa. Nakili hivyo hivyo kwenye daftari. "Run out of" haitakusumbua, maana imejengwa kama yetu: "we've run out of dagaa", tumeishiwa dagaa.

Kupanda na kushuka kunataka uangalifu. Basi, treni, ndege na kivuko cha Kamanga, ambamo unaweza kusimama na kutembea, ni "get on" na "get off". Teksi na mtumbwi wa kuvulia sato ni "get in" na "get out of". Bodaboda ni "get on", kwa kuwa unakaa juu yake.

Fomu Waingereza hu-"fill in", Wamarekani zaidi "fill out".

Anza na vitano kwa wiki, vile unavyovisikia kazini, si orodha ya mia moja. Kila kimoja kiandikie sentensi mbili, ya pili iwe na "it": "They put off the trip to Ukerewe", "They put it off". Zisome kwa sauti. Kwenye barua rasmi andika "postpone". Mwenzako wa zamu naye ataielewa, ila yeye atakujibu kwa "put off".