Gari linalomisi likijisikia: usianze na kabureta

Datsun 240Z yangu ni ya mwaka 1972. Aliniachia baba mdogo, pamoja na sanduku la spana na deni la fundi rangi. Ni ndugu ya zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ndiyo maana kila fundi wa Dodoma akiiona anafungua boneti kwanza, maswali baadaye.

Miezi minne mfululizo lilikuwa linamisi, yaani injini inaruka mapigo na kukatakata, lakini si muda wote. Kutoka Area C mpaka soko la Majengo, salama. Nikishika njia ya Kondoa, nikipita Msalato na kutulia kwenye kilomita 80 kwa saa, linaanza: tuk, tuk-tuk, kama mtoto anayekuvuta kanga akitaka kitu. Nikiongeza mafuta, linaacha. Nikilipeleka gereji, linanguruma vizuri kabisa. "Mwalimu, mbona liko poa?" Nikaonekana mzushi.

Gereji mbili zilifungua kabureta, vile vyombo vinavyochanganya petroli na hewa. Nililipa mara mbili, nikarudishiwa kabureta zinazong'aa na misi ile ile.

Basi anayetunza gari la zamani la kabureta na pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke), liwe Datsun, MG au Triumph, nawe limekushinda, fanya hivi. Wiki ya kwanza usiguse kitu. Weka daftari na kalamu kwenye gari. Kila linapomisi, simama pembeni uandike: injini ilikuwa ya moto au baridi, mwendo gani, mguu ulikuwa unakanyaga au umetulia, barabara laini au ya makorongo, tangi lina kiasi gani, saa ngapi. Mimi nafundisha fizikia sekondari, wanafunzi wangu wangecheka kuniona naandika maabara yangu juu ya usukani. Lakini daftari hilo ndilo lililonionyesha kwamba nina magonjwa mawili, si moja. Kulikuwa na misi ya mteremko na tambarare, mguu ukiwa mwepesi. Na kulikuwa na misi ya mzigo, niliyoipata mara tatu tu, zote nikipanda mlima Nyang'oro kwenda Iringa, mguu umezama. Mafundi walikuwa wanasikia "linamisi" wakadhani ni kitu kimoja.

Sikiliza pia linavyokatika. Mafuta yakipungua, nguvu inafifia taratibu, gari linalegea kama linachoka, na hurudi taratibu. Umeme ukikatika, ni ghafla kama mtu amezima swichi na kuiwasha. Likipiga chafya kwenye kabureta, fikiria mafuta machache au hewa inayovuja kwenye gasketi. Likilipua kwenye eksozi, mara nyingi ni mafuta yaliyopita bila kuchomwa kwa kuwa cheche haikuja. Si sheria ya Mungu, ila inakupa pa kuanzia.

Halafu angalia mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Kwenye gari kama langu geji hiyo inapata habari zake kutoka waya wa koili, ile inayozalisha umeme mkali wa cheche. Injini nzito inayozunguka haiwezi kushuka kutoka mizunguko 3,000 hadi sifuri na kurudi ndani ya sekunde moja. Kwa hiyo mshale ukiruka au kuanguka wakati wa misi, si injini iliyoanguka, ni umeme wa kuingia kwenye koili uliokatika: swichi, rezista, pointi, kondensa, au waya unaoviunganisha. Mshale ukitulia huku gari linatikisika, tafuta mbele zaidi: kofia ya distribyuta (inayogawa cheche kwa kila silinda), rota inayozunguka ndani yake, waya za plagi, plagi zenyewe, au mafuta. Wangu uliruka njia ya Kondoa, na ukatulia Nyang'oro. Hapo tayari nilikuwa nimeshaziondoa kabureta kwenye lawama ya kwanza, bila kufungua nati hata moja.

Misi ya mlimani ilikuwa nyepesi. Mzigo ukiwa mkubwa, hewa ndani ya silinda hubanwa zaidi, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka kwenye plagi. Ikiona njia rahisi, inapita huko. Subiri usiku, tena umeme wa mtaa ukiwa umekatika ni bora zaidi. Washa injini, fungua boneti, zima taa zote, simama mbali na feni. Nyunyiza maji kidogo sana kwenye waya za plagi kwa chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Usiguse chochote, ni maelfu ya volti hizo. Mimi niliona kicheche cha bluu kikiruka kutoka waya wa silinda ya 3 hadi kwenye chuma kinachoushikilia. Nilibadili waya zote sita, nikaweka plagi mpya zenye nafasi ya milimita 0.8. Wakati wa kurudisha waya, fuata mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, maana ukizichanganya utajitengenezea ugonjwa wa tatu.

Kama misi yako iko kwenye silinda fulani tu, zihesabu. Kwenye 240Z kabureta ya mbele inalisha 1, 2 na 3, ya nyuma 4, 5 na 6. Tatu za upande mmoja zikilegea pamoja, hapo sawa, mpigie fundi kabureta. Moja tu ikilegea, ni plagi, waya au vavu. Zote sita zikikata kwa pamoja, ni kile wanachochangia wote.

Mafuta nayasemea haraka. Filta ya plastiki inayoonyesha ndani itakwambia kama tangi lina kutu. Likianza kulegea baada ya nusu saa, simama ufungue mfuniko wa tangi: ukisikia fyuuu, tundu lake la hewa limeziba, na kwa vumbi letu hilo si ajabu. Mwezi wa kumi joto likipanda, kumbuka kabureta za gari hili zimekaa juu ya eksozi, petroli inaweza kuchemka ndani. Na kama kabureta zilisetiwa Dar, huku kwetu mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari gari litakunywa mafuta kupita kiasi. Hiyo huleta plagi nyeusi, lakini haileti misi inayokuja na kuondoka kama mgeni.

Sasa ile ya Msalato. Mguu ukiwa mwepesi katika mwendo wa kutulia, mvuto wa hewa kwenye kabureta unavuta kopo lililo ubavuni mwa distribyuta, nalo linazungusha ile sahani inayobeba pointi. Ukikanyaga, mvuto unaisha, sahani inarudi. Ukiwa silensa, injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, haivutwi kabisa, ndiyo maana gereji hawaioni. Nilimwita fundi wa tatu, kijana wa Kizota, nikamwambia, "Mwanangu, chomoa huo mpira mwembamba kwenye kabureta, uzibe tundu, halafu uvute kwa mdomo." Akanitazama. Akavuta. Injini ikamisi pale pale uani. Akaachia, ikatulia. Akavuta tena, akacheka huku mpira uko mdomoni.

Tulifungua kofia. Chini ya sahani kuna kiwaya kifupi cha ethi, kinachorudisha umeme wa pointi kwenye bodi, hakizidi urefu wa kidole. Kwa macho kizima. Nilipokikunja kwa ukucha, kilikunjika mahali pamoja kama uzi mtupu: shaba ndani ilikuwa imekatika, imebaki ganda. Sahani ikizunguka, ncha zinaachana.

Badili kwa waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, usiweke waya mgumu wa nyumba, utakatika tena ndani ya mwezi. Uache ulegee kidogo, usiguse rota. Kisha pima nafasi ya pointi, milimita 0.45 hadi 0.55, na uangalie taiming (wakati cheche inapotoka) kwa kuwa umeshaifungua distribyuta. Halafu lipeleke kule kule linakomisia.

Tulienda mpaka Makutupora na kurudi. Kijana alikaa kiti cha abiria, macho kwenye mshale. Tulipopita Msalato alikuwa ameshaanza kuniuliza kama naliuza.