Mithai za Diwali: pa kuanzia kama hujawahi kuzila

Usianze na gulab jamun. Najua ndizo zinazovuta macho, vile viduara vya kahawia vilivyozama kwenye shira, lakini mgeni akila mbili tu anasema Wahindi wamezidi sukari, na hagusi tena. Anza na mithai kavu.

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, huangukia Oktoba au Novemba, usiku wa giza la mwezi. Kwa sisi wa Dar es Salaam, pa kwenda ni Kisutu, kwenye mahekalu ya Kihindu na maduka ya mithai. Nenda asubuhi, siku mbili tatu kabla. Siku yenyewe utakuta foleni na mabaki. Mithai hupimwa kwa kilo, kwa hiyo usione haya kuomba robo mchanganyiko.

Mkononi mwako itangulie kaju katli: korosho zilizosagwa, zikapikwa na sukari, zikasukumwa nyembamba. Ule utando wa fedha juu yake usiubandue, unaliwa. Ifuate pedha, ya maziwa yaliyochemshwa taratibu mpaka yakakaukia, yenye iliki na pengine zafarani. Jalebi, zile pete za kukaanga zilizochovywa kwenye shira, ziwe za moto, zikitoka kwenye karai, na pembeni gathia za chumvi, vijiti vya unga wa dengu vya kukaanga. Zikishapoa mimi sizitaki hata za bure. Gulab jamun sasa, moja.

Ukitaka kujaribu nyumbani, pika ladu za unga wa dengu, ule ule wa bajia. Vikombe viwili vya unga, robo tatu ya kikombe cha samli, kikombe kimoja cha sukari iliyosagwa laini, iliki nusu kijiko cha chai. Kaanga unga kwenye samli kwa moto mdogo kabisa, ukikoroga bila kuacha, kama dakika 20 au 25. Mwanzoni utakuwa mzito, unagandia mwiko, na harufu yake ni ya dengu mbichi. Vumilia. Ghafla unalegea, unang'aa, na jiko zima linanukia kama njugu za kukaanga. Epua. Subiri upungue joto, uwe vuguvugu, ndipo utie sukari na iliki. Ukiitia kwenye unga wa moto itayeyuka na ladu hazitashikana. Finyanga viduara ukubwa wa ndimu.

Jirani akikuletea sahani ya mithai, hairudi tupu, hilo tunalijua. Ila keki ya mayai iache: Wahindu wengi hawali nyama wala mayai. Kashata za nazi au matunda hayana tatizo. Wagujarati huanza mwaka wao mpya baada ya Diwali, kwa kawaida kesho yake, na ndiyo siku ya kutembeleana. Rudisha sahani siku hiyo, wasalimie "Saal Mubarak", na usiende umeshiba, maana hawatakuacha uondoke hujala.