Kabla meli ya kuchimba haijafika: kupanga gati dogo bila kuiharibu bahari

Kwenye miradi ya bandari hapa Pwani ya Kenya, mimi ndiye mtu wa mazingira. Karibu kila mhandisi mgeni huniuliza tupande mikoko mingapi ili NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, watoe leseni. Mikoko baadaye. Tuzungumze kwanza matope.

Uchimbaji wa kina, yaani kuchimba sakafu ya bahari ili meli zipite, ndio wenye madhara makubwa. Tope laini likishatimka, mwanga haufiki chini, majani ya bahari yanakufa, matumbawe yanafunikwa, na samaki tafi anayekula majani hayo anahama. Kwa hiyo ulizia mapema: tope hili litaelekea wapi? Kusi na kaskazi, pepo zetu mbili za msimu, haziyapeleki maji kwa namna moja. Bamvua, siku za maji kujaa na kutoka sana, nalo hulifikisha tope mbali kuliko maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kutoka kidogo. Karibu na matumbawe, panga kazi nzito wakati wa maji mafu, na isimame mkondo ukielekea huko. Mkandarasi atanuna, maana meli inakula pesa hata ikilala. Sharti hilo liwe kwenye mkataba kabla hajatia sahihi; akishatia, utabaki kumbembeleza.

Vipimo vya umeme vya kuonyesha maji yamechafuka kiasi gani ni vizuri, lakini huharibika, tena kila mara siku mbaya. Mimi hubeba sahani. Kata bati la mviringo, upana wa sentimita 30, lipake rangi nyeupe, lifunge uzito chini na kamba yenye fundo kila nusu mita. Lishushe upande wa kivuli wa mashua. Andika kina linapopotea machoni, kisha kina linapoonekana tena ukilivuta. Katikati ya hapo ndipo kipimo chako. Fanya hivyo kusi na kaskazi kabla kazi haijaanza, mahali palepale, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yametoka. Kazi ikishaanza, mimi hushikilia hivi: kwenye matumbawe kipimo kikishuka chini ya nusu ya kile cha awali, meli inasimama. Hakuna mjadala.

Ramani ya gati isichorwe kabla hujakaa na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, bandani kwao. Tandika karatasi kubwa, waoneshe wenyewe wanatega wapi malema (mitego ya samaki) na mashua ndogo hupita wapi wakati wa kusi. Waite na wanawake wanaotafuta pweza mwambani, kwa sababu mara nyingi hawamo kwenye daftari la wavuvi, na asiyeandikwa hafidiwi. Anayeona huku ni kupoteza muda aangalie Lamu: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi takribani 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa athari za bandari mpya.

Kifusi kilichochimbwa usikimwage horini, kwenye mkono wa bahari unaoingia bara, wala usijaze mikoko ukisema umepata kiwanja cha bure. Ukilazimika kuvuka hori, jenga daraja la nguzo. Tuta la Makupa, Mombasa, liliziba maji kwa miongo mingi, ikabidi lijengwe daraja lililofunguliwa 2022. Ni bei ghali ya kuyarudishia maji njia yake.

Sasa mikoko. Ina aina zake: mlilana hukaa mbele kwenye maji, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi. Ukipanda mkandaa penye mawimbi kwa ajili ya picha za uzinduzi, mwezi ujao utakuta vijiti. Pale ambapo maji yanaingia na kutoka vizuri, na miti mama ipo karibu, mbegu hujileta zenyewe.

Mafuta machafu yanahitaji mapipa chini ya paa, sakafu ya saruji yenye ukingo, na mtu mmoja mwenye ufunguo na daftari. Usitoze kwa kila pipa, nahodha atamwaga usiku huko njiani. Gharama hiyo itie ndani ya ada ya kufunga gatini, alipe, alete mafuta asilete.